Rangi ya Unga, Rangi ya Kuyeyuka au Makopo Tayari: Ukoroge Ipi kwa Laka ya Gitaa?

Gitaa la umeme likishavuliwa rangi yake ya zamani, wengi hukimbilia jina la rangi: nataka buluu ya Cadillac, nataka krimu ya kizee, nataka damu ya mzee. Jina la rangi linaweza kusubiri. Kitakachoamua ukoroge nini ndani ya laka ni maswali mawili ya kawaida tu. Je, unataka mbao ionekane? Na kasoro ikitokea, una uvumilivu kiasi gani wa kurudia kazi?

Njia za kweli za kujitengenezea laka ya rangi ni tatu. Ya kwanza ni rangi ya kuyeyuka, ambayo hupotea ndani ya laka kama chumvi ndani ya maji na kuiacha angavu. Ya pili ni rangi ya unga: chembe ngumu zisizoyeyuka, zinazoelea ndani ya laka na kufunika kila kilicho chini yake. Ya tatu ni kununua laka zilizokwisha tiwa rangi, yaani nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na buluu, ukazichanganya mwenyewe hadi upate unachotaka. Ziko na nyingine ambazo watu hujaribu kwa kubana matumizi. Nitazigusa mbele, nyingi kwa onyo.

Laka ninayoizungumzia ni ya nitroselulosi, ile ambayo kampuni ya DuPont iliiingiza kwenye magari miaka ya 1920 kwa jina la Duco na ambayo viwanda vya magitaa vya Marekani viliitumia kwa miongo kadhaa. Fundi wa nyumbani bado anaipenda kwa sababu haihitaji dawa ya kugandisha, inakauka haraka, na inasameheka.

## Laka inayojiyeyusha

Nitro hukauka kwa thina kuondoka tu. Hakuna kemikali mbili zinazoshikana na kugeuka kitu kingine, kama ilivyo kwa rangi za magari za siku hizi. Kwa hiyo ukipuliza mkono mpya, yaani tabaka jipya, juu ya mkono uliokauka, thina mpya inaulainisha ule wa chini na mikono miwili inakuwa utando mmoja. Kiraka hakiachi alama ya mpaka. Hiyo ndiyo raha yake.

Karaha yake ni kwamba rangi iliyoko chini nayo hupata njia ya kupanda juu. Rangi ya kuyeyuka, kwa kuwa haina chembe za kuizuia, huchuja kuingia kwenye klia, yaani laka ya juu isiyo na rangi, na nyekundu ndiyo mkorofi kuliko zote. Piga klia nzito, yenye thina nyingi, juu ya nyekundu ya kuyeyuka, utaona wekundu umehamia juu na umevuka hadi kwenye ukanda mweupe wa plastiki uliozunguka bodi. Rangi za unga kwa kawaida hukaa pale ulipoziweka. Ukishalielewa hili moja, tofauti nyingine nyingi kati ya njia hizi zinajieleza zenyewe.

Dawa ya kuchuja ni kupiga mikono miwili mitatu ya kwanza ya klia kwa wepesi sana, karibu mikavu, na kuipa muda ikauke kabla ya kuja ile mizito.

## Rangi ya kuyeyuka

Ukitaka kuona mishipa ya mbao, hapa ndipo pako. Lakini kuna ulinganisho ndani ya ulinganisho: unaweza kuipaka rangi hii moja kwa moja kwenye mbao, au ukaikoroga ndani ya laka na kuipuliza juu ya mbao iliyokwisha kuzibwa kwa sila, yaani tabaka la kwanza la kuziba vitundu vya mbao.

Ukipaka kwenye mbao tupu, rangi inazama ndani na kuichora mishipa kwa namna ambayo laka haiwezi kuiga. Kwenye mbao ya mepo (maple) yenye mawimbi, hakuna njia nyingine inayoyaamsha mawimbi yale kwa nguvu hiyo. Shida ni kwamba gitaa unalolirudia rangi si mbao tupu, hata kama linaonekana hivyo. Laka ya zamani imebaki ndani ya vitundu, gundi imejificha kwenye maungio, na pale ulipoziba mchubuko kwa fila hapanywi rangi hata kidogo. Matokeo yake ni madoa. Magitaa mengi yaliyotoka kiwandani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 yana tabaka gumu la poliesta chini ya rangi, na kulitoa lote ni kazi ya jasho. Kipande kidogo kikibaki, rangi itakionyesha mbele ya watu. Kisha hakuna kurudi nyuma. Rangi iliyozama kwenye mbao utaiondoa kwa kula mbao.

Kwa sababu hiyo, kwa gitaa la kurudia, mimi huegemea upande wa kukoroga ndani ya laka. Ziba mbao kwanza kwa sila, piga msasa taratibu, halafu pulizia laka yenye rangi kwa mikono myembamba. Huwezi kupata kina kilekile cha mawimbi, ni kweli. Ila rangi inakaa sawasawa kila mahali, na usipoipenda, kitambaa chenye thina kinaiondoa mradi sila ya chini ni ya aina ambayo thina haiiyeyushi, kama hiyo poliesta ya kiwandani. Wanaolia kwamba bodi yao ina poliesta wangeshukuru kwa hili.

Kuhusu kununua: tafuta rangi ya kuyeyuka iliyokolezwa ya kimiminika ambayo maelezo yake yanataja kuwa inachanganyika na laka, hasa zile za metali zilizofungamanishwa (metal-complex), kwa maana zinavumilia mwanga kuliko anilini, rangi za kuyeyuka za zamani. Anilini ya unga ziko aina zinazoyeyuka kwa maji, kwa spiriti na kwa mafuta. Ya maji haitayeyuka ndani ya laka. Itakaa chembechembe chini ya kopo na kukuzibia bunduki ya kupulizia. Jaribio ni rahisi: tia kidogo sana kwenye chupa ya kioo yenye thina, tikisa, iangalie mbele ya taa. Thina ikiwa angavu na hakuna mchanga chini, endelea.

Kipimo cha kuanzia ninachokipendekeza ni matone 10 ya rangi iliyokolezwa kwa mililita 100 za laka iliyokwisha kuongezwa thina, kisha unaongeza matone machache machache. Laka iwe hafifu kuliko unavyodhani inatakiwa. Rangi ikiwa kali, mkono mmoja unamaliza kazi, na popote bunduki iliposita kidogo patakuwa na wingu jeusi. Rangi ikiwa hafifu unaijenga kwa mikono minne au mitano na macho yako yana muda wa kusema basi.

Jambo moja lisisahaulike kwa njia hii: usipige msasa kwenye mikono yenye rangi. Rangi angavu inategemea unene wa utando. Ukiila kidogo kwenye kona, kona inapauka, na kuirudishia hadi ilingane na jirani yake ni kazi ya ustadi. Pembe na kingo ndizo za kwanza kuliwa. Msasa ni wa sila kabla, na wa klia baada.

### Sanbasti

Ule mtindo wa katikati njano na kingo zilizokolea hauna mpinzani wa rangi ya kuyeyuka, na ndipo makosa ya kukoroga yanapoonekana haraka. Nyeusi tupu ya kuyeyuka ikipulizwa kwa wepesi juu ya njano hutoa ukijani. Wengi hudhani bunduki ndiyo mbovu. Tiba ni kuikoroga nyeusi hiyo na nyekundu na kahawia, ili pale inapofifia kuelekea katikati iache joto la kahawia badala ya ukijani. Njano yenyewe iwe ya kaharabu, yenye tone la nyekundu au kahawia ndani yake. Njano safi ya limau inaonekana ya kitoto mara klia inapokuwa juu.

Pembeni kabisa, pale mbao zinapoungana, hapana ubaya kuingiza nyeusi ya unga. Inafunika maungio, na mpaka kati ya unga na ya kuyeyuka hauonekani kwa kuwa tayari pamekolea.

Kuhusu kupauka, mfano mashuhuri ni magitaa ya Les Paul ya Gibson ya 1958 hadi 1960. Yalitoka kiwandani na kingo nyekundu za cheri. Nyekundu ile ya anilini haikuweza mwanga, na mengi yamebaki na rangi ya chai, ya asali, hata ya limau tupu. Leo wakusanyaji wanaililia hali hiyo. Wewe ukiikoroga nyekundu yako kwa rangi duni utapata upaukaji huohuo, na sidhani kama kuna atakayekulipa zaidi kwa sababu yake.

## Rangi ya unga

Hapa tunaingia kwenye rangi za kufunika: nyeupe, krimu, kijani cha maji, buluu ya anga, nyekundu nzito. Unga hauhitaji mbao nzuri. Fila, viraka, mbao za vipande vitatu visivyofanana, vyote vinafichwa. Ukila rangi kwa msasa unapulizia pale tu na kuendelea na safari.

Faida nyingine kubwa ni umri. Oksidi za chuma, yaani njano ya udongo, nyekundu ya kutu, kahawia na nyeusi, hazijali jua. Nyeupe ya titani dioksidi inafunika kuliko nyeupe nyingine yoyote ya kawaida. Buluu na kijani vya thalo, unga wa kisasa wenye rangi kali, vinadumu sana pia. Kwa kifupi, kwa unga unaweza kukoroga rangi ambayo haitapauka machoni mwako. Kitakachobadilika ni klia iliyo juu yake.

Kazi iko kwenye kusaga. Ukimwaga unga moja kwa moja kwenye laka iliyochanganywa na thina, unaganda kuwa mabonge madogo ambayo kwa nje yana laka na kwa ndani ni makavu. Hutayaona kwenye kopo. Utayaona kwenye bodi kama vipele, na ukivipiga msasa vinapasuka na kuacha mistari ya rangi kali. Thalo ndiyo inayoaibisha kuliko zote, maana chembe moja ina nguvu ya kupaka kiganja kizima.

Kwa hiyo: weka unga juu ya kioo kinene, ongeza laka nzito kidogo na tone la thina, kisha usage kwa kisagio cha kioo bapa hadi uji uwe laini na kisu kikipita kisiache mchanga. Asiye na kisagio anaweza kutia unga, laka na shanga ndogo za kioo kwenye chupa na kuitikisa kwa muda mrefu. Inachosha, ila inafanya kazi. Baada ya hapo ndipo unaulegeza uji huo kwa laka iliyobaki na thina, na kuuchuja kwa chujio la rangi la mikroni 190, au 125 ukilipata.

Kiasi? Anza na sehemu 1 ya unga kwa sehemu 10 za laka kwa uzito, upulize kwenye kibao chenye mstari mweusi wa kalamu, uhesabu ni mikono mingapi hadi mstari upotee. Ukizidisha unga ili ufunike haraka, utando unakosa laka ya kuushika: unakuwa mkavu usio na mng'ao na mwepesi kupasuka. Nyeupe isiyofunika kwa mikono minne inahitaji praima nyeupe chini yake kuliko inavyohitaji unga zaidi.

Kuna unga wa kuepuka. Njano ya kromu ina risasi, na rangi za kadimiamu ni sumu. Zote mbili si vitu vya kuvipeperusha hewani wala kuvipiga msasa sebuleni. Njano ya oksidi ikikosa ukali unaoutaka, tafuta njano za kisasa zisizo na metali nzito. Hata unga salama uvaliwe kinga ya vumbi unapopimwa, kwani titani dioksidi kavu huruka kwa pumzi tu.

## Makopo tayari

Njia ya tatu haina mvuto wa kifundi na ndiyo ninayompa mtu anayeanza. Kiwanda kimekwisha kusaga. Unanunua laka nyeupe na nyeusi na rangi tatu nne, zote za nitro na ikiwezekana za mtengenezaji mmoja, halafu unakoroga kwa mizani. Hakuna vipele, hakuna kusaga, na rangi inayopatikana inaweza kurudiwa miezi sita baadaye kwa sababu kila kopo lina nguvu ileile.

Udhaifu wake ni upana. Kutoka kwenye makopo matano utapata pastela, yaani rangi nyepesi, nyingi nzuri, lakini nyekundu safi iliyokolea haitoki kwa kuchanganya. Ni lazima ianze kwenye kopo la nyekundu safi. Zambarau pia: nyekundu ya kopo mara nyingi imeegemea chungwa, na ikikutana na buluu inatoa matope. Pia zimetengenezwa kwa ajili ya kufunika, hivyo ndoto ya mbao kuonekana iweke pembeni.

| | Ya kuyeyuka | Ya unga | Makopo tayari |
|---|---|---|---|
| Mbao inaonekana | Ndiyo | Hapana | Hapana |
| Kuvumilia jua | Inategemea aina. Anilini za zamani ni dhaifu | Nzuri sana kwa oksidi na thalo | Kwa kawaida nzuri |
| Ukila kwa msasa | Taabu | Pulizia pale tu | Pulizia pale tu |
| Kazi kabla ya kupuliza | Kidogo | Kubwa | Karibu hakuna |
| Kurudia rangi ileile | Kwa matone, si uhakika | Kwa mizani, ukisaga vilevile | Kwa mizani, rahisi |

## Vya kukwepa, na vya kutumia kwa hadhari

Rangi za mafuta za wachoraji, zile za tyubu, zina mafuta ya kitani. Ndani ya laka hazikauki pamoja nayo. Utando unabaki laini, na klia ya juu inaweza kunyanyuka. Ziache kwa wachoraji.

Zile rangi kali za chupa ndogo zinazotumika kukolezea rangi za ukutani zimetengenezwa zikubaliane na vitu vingi, na kwa sababu hiyo zina vimiminika ambavyo havikauki kwa kasi ya laka. Matone machache kwa ajili ya kusogeza krimu kidogo, sawa. Kuzitegemea kwa rangi nzima, hapana.

Rangi za nguo zimejaa chumvi na haziyeyuki ndani ya laka. Wino wa kalamu za alama unayeyuka vizuri na unapauka vizuri zaidi. Rangi za ngozi zenye spiriti zinafanya kazi kwenye sanbasti na watu wamezitumia kwa muda mrefu. Uvumilivu wake kwa jua ndio wa kuutilia shaka, hasa nyekundu.

## Za kumetameta

Chembe za aluminiamu, unga wa shaba na mika (madini yenye vipande vinavyometa) ni aina ya unga, ila sheria zake ni nyingine. Hazisagwi, maana ukizisaga unazivunja na mng'ao unakufa. Zinakorogwa tu, taratibu, na zinazama chini ya kopo haraka. Tikisa bunduki kila baada ya mpito mmoja. Mng'ao unategemea jinsi vipande vinavyolala. Ukipuliza mkono uliolowa mno, vinaogelea na kujikusanya mafungu mafungu, na bodi inatoka na mabaka kama ramani. Mikono miepesi, bunduki mbali kidogo kuliko kawaida.

Usizipige msasa hata kwa bahati mbaya. Unakata vipande vya metali na kuacha doa la kijivu.

Unga wa shaba una tabia ya peke yake. Les Paul ya dhahabu iliyotoka 1952 ilipakwa kwa unga huo, na nyingi zimegeuka kijani pale mkono wa mpigaji ulipomaliza klia na jasho likaifikia shaba. Mika ya rangi ya dhahabu haifanyi hivyo, kwa kuwa haina shaba ya kushika kutu. Kwa macho, shaba ina joto ambalo mika haina; kwa matunzo, mika inashinda.

Ukitaka nyekundu ya pipi, ile ambayo kampuni ya magitaa ya Fender iliiingiza kwenye orodha yake 1963, unahitaji njia mbili kwa pamoja: tabaka la metali chini, kisha nyekundu ya kuyeyuka juu yake kwa mikono mingi myembamba, halafu klia. Ni kazi ya mtu aliyekwisha kupiga sanbasti moja mbili, kwani kila tofauti ya unene inaonekana kama mstari mweusi.

## Njano ya uzee uiweke wapi?

Swali hili linawachanganya wengi wanaotafuta rangi za kizamani. Rangi nyingi za Fender za enzi zile zilitoka kwenye magari: Fiesta Red ilitoka kwa Thunderbird ya Ford ya 1956, Sonic Blue kwa Cadillac ya 1956, Lake Placid Blue kwa Cadillac ya 1958. Tunazijua leo kupitia picha za magitaa yenye klia iliyogeuka njano. Olympic White, ambayo ilikuwa nyeupe, tunaiona krimu. Buluu tunaiona ya kijanikijani. Kwa hiyo mtu anaposema anataka buluu ile, muulize: ile ya siku ya kwanza au ile ya baada ya miaka 60?

Ukitaka ya uzee kuna njia mbili. Unaweza kuikoroga rangi yenyewe iwe na njano ndani yake, ukapiga klia isiyo na rangi. Ni salama, ni sawasawa, na ukila klia kwa msasa hakuna kinachobadilika. Au unakoroga rangi ya siku ya kwanza, na njano unaiweka ndani ya klia kwa matone ya kaharabu ya kuyeyuka. Hii ya pili ina uhai zaidi, kwa sababu jicho linaona rangi kupitia kioo cha njano, na pale utakapokwaruza makusudi ili kuzeesha, chini kutatokea rangi halisi, kama inavyotokea kwa gitaa la kweli. Ubaya wake umeshautambua: klia yenye rangi ina masharti yote ya rangi angavu. Piga mikono miwili ya klia ya kaharabu tu, halafu funika kwa klia safi ya kutosha kupigwa msasa na polishi.

Kumbuka kwamba nitro yenyewe itaendelea kugeuka njano. Krimu uliyoikoroga ikakupendeza leo itakuwa siagi baadaye. Kama hutaki hivyo, klia ya akriliki hubadilika kwa kiasi kidogo sana.

Krimu nzuri hutoka kwa nyeupe, njano ya oksidi kidogo, na ncha ya kijiti ya kahawia ya udongo. Bila hiyo kahawia inabaki njano ya kuku mchanga. Kijani cha maji ni nyeupe, kijani cha thalo na njano ya oksidi. Kwa buluu ya anga, nyeupe na thalo vinatosha, na nyeusi kidogo mno ya kuituliza. Kote, rangi kali ndiyo inayoingia ndani ya nyeupe. Ukianza na thalo ukajaribu kuipausha kwa nyeupe, utamaliza ndoo.

## Kupima na kujaribu

Pima kwa mizani yenye usahihi wa gramu 0.1 na uandike kila nyongeza hapohapo. Kijiko hakina kumbukumbu. Koroga kiasi chote kwa mara moja: nusu lita ya rangi iliyokwisha kulegezwa, kwa kawaida laka na thina nusu kwa nusu, inatosha bodi moja yenye rangi ya kufunika na hubaki akiba. Kwa sanbasti unahitaji pungufu ya hapo kwa kila rangi.

Rangi ikiwa majimaji kwenye kopo inakudanganya. Pulizia kibao kilichopitia hatua zote: sila, praima kama ipo, idadi ileile ya mikono, na klia juu. Kiangalie juani na chini ya taa, kwa sababu rangi mbili zinazofanana kwenye taa zinaweza kuachana mkono zikitoka nje. Kwa rangi ya kuyeyuka, kibao kiwe cha mbao ya aina ileile ya bodi. Kwa unga haina umuhimu huo.

Hewa yenye unyevu mwingi inaleta ukungu mweupe ndani ya laka, na juu ya nyeusi unaonekana vibaya sana. Thina ya kuchelewesha ukaukaji husaidia kuuzuia, au subiri siku kavu. Kati ya mkono na mkono, saa moja hadi mbili; usizidi mitatu kwa siku. Kabla ya msasa wa mwisho na polishi, acha gitaa wiki tatu hadi nne, haijalishi umechagua njia ipi.

Laka ya nitro inawaka kwa haraka ya kutisha, na vumbi lake kavu pia. Hakuna jiko, hakuna sigara, hakuna kihita chenye moto karibu. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Ile ya kitambaa au ya vumbi haizuii thina. Vitambaa vilivyotumika vitandaze nje vikauke kimoja kimoja.

## Kilichobaki kwenye chupa

Hapa pia njia hizi zinaachana. Rangi ya kuyeyuka iliyobaki ndani ya laka hukaa vizuri kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, mahali pa giza, na ukiitoa mwaka ujao unahitaji kuitikisa tu. Ya unga itakuwa imezama na kuganda chini. Tia gololi mbili za kioo kabla ya kufunga, na siku ya kuitumia itikise, uichuje upya, uijaribu kwanza. Za makopo zinakaa katikati ya hizo mbili. Kwenye kila chupa bandika uwiano, tarehe, aina ya thina, na kipande cha kibao chenye rangi yake iliyokauka. Mchubuko wa kwanza kwenye ukingo wa bodi huja mapema, na utahitaji kujua ni chupa ipi.